Mafuta Gani? Istilahi za Kulainisha Mota Ndogo na Kutuliza Mlio Wake

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayobebeshwa kazi kupita kiasi ni neno mafuta. Mpishi hukaangia mafuta, mama humpaka mtoto mafuta, dereva husimama kituoni kujaza mafuta, mganga humwonya mgonjwa apunguze mafuta katika chakula, na fundi huomba mafuta ya kutia katika mashine. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea, kwa sababu mahali na shughuli hueleza ni mafuta gani yanayokusudiwa. Lakini katika maandishi ya ufundi msomaji yu peke yake, karatasi mkononi na mashine mbele yake. Hapo neno hilo moja laweza kumtia hasarani.

Katika makala haya tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika maelekezo ya kazi, jinsi istilahi za ulainishaji wa mashine zinavyoweza kupangwa ili kila jina libebe mzigo wake. Tumechagua mfano mdogo, yaani mota ya umeme inayoendesha treni ya mfano, na dawa ya kuipunguzia mlio wake. Sababu za uchaguzi huo ni mbili. Kwanza, mota hiyo hutosha katika kiganja cha mkono, na bado ina karibu viungo vyote ambavyo mwalimu wa ufundi huhitaji kuvitaja. Pili, mfano wa treni unatupeleka Tabora, mji ambao kwa muda mrefu umepokea maneno mapya pamoja na mizigo mipya.

1. Tabora: njia ya misafara na njia ya reli

Tabora ilikuwa njia panda kabla ya kuwa stesheni. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na kutoka hapo baadhi yake iliendelea magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na mingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wasafiri Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857, na mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, karibu na mji. Wanyamwezi walijulikana katika njia hiyo yote kuwa wapagazi hodari, na lugha iliyowaunganisha watu wa pwani na watu wa bara ilikuwa Kiswahili.

Kazi ya msafara ilikuwa na istilahi zake, na istilahi hizo zilikuwa kali. Kirangozi alikuwa mtu wa kutangulia na kuonyesha njia. Mpagazi alikuwa mtu wa kubeba mtumba. Posho ilikuwa chakula cha wasafiri. Hongo ilikuwa malipo yaliyotolewa kwa mtawala ili msafara uruhusiwe kupita katika nchi yake. Msafara uliotumia mali ya posho kulipia hongo ungelala njaa, na ule uliofanya kinyume chake ungezuiliwa mpakani. Hakuna aliyeketi na kuunda kamati ya kutenga maana za maneno hayo. Kazi yenyewe ndiyo iliyoyatenga. Baadaye, kazi ilipokwisha, neno hongo lilihama, na leo maana yake kuu ni rushwa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Njia hiyo ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa misafara, na ikauchukua mzigo kutoka mabegani mwa wapagazi. Pamoja nayo yalikuja maneno: reli, treni, stesheni, behewa, injini, ekseli, beringi. Mengine yalikopwa, na mengine yaliundwa hapa hapa. Neno garimoshi ni moja ya yale yaliyoundwa, nalo linatufundisha jambo. Lilitolewa kwa kuangalia sura ya kitu, yaani moshi uliotoka katika injini ya mvuke. Injini za dizeli zilipochukua nafasi, moshi mwingi ulipotea lakini jina likabaki. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria katika reli mpya kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na hizo hazitoi moshi hata kidogo. Hatusemi kwamba garimoshi ni neno baya, kwani watu wamelizoea. Tunasema tu kwamba anayeunda istilahi leo afadhali atazame kazi ya kitu kuliko sura yake, kwa kuwa sura huhama upesi kuliko kazi.

2. Treni ya mfano na treni ya kuchezea

Hapana budi kutofautisha vitu viwili. Treni ya kuchezea ni chombo cha mtoto. Yatosha ifanane na treni. Treni ya mfano ni nakala iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu, na kila sehemu yake hupunguzwa kwa kiasi kile kile. Kipimo hicho tunapendekeza kiendelee kuitwa skeli, neno ambalo walimu wa jiografia wamekwisha kulizoea katika ramani.

Skeli inayotumika sana duniani kwa treni za mfano ni ya 1 kwa 87. Kwa skeli hiyo, reli yenye upana wa milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli mpya ya Tanzania, huwa na upana wa milimita 16.5. Reli ya Kati ya zamani, inayopita Tabora, ina upana wa milimita 1,000. Hiyo kwa skeli hiyo hiyo huwa karibu milimita 11.5, na watengenezaji huifanya milimita 12. Mwalimu wa hesabu akitaka kuwafundisha wanafunzi wake uwiano, ana mifano miwili hapo isiyotoka mbali.

Ndani ya kichwa cha treni ya mfano mna mota ndogo ya umeme, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa umeme mnyoofu usiozidi volti 12. Umeme huo hupanda kutoka kwenye reli, hupitia kwenye magurudumu, na kuingia katika mota. Aina hiyo ya mota haimo katika treni za mfano peke yake. Imo katika vichezeo vingi, katika vikaushia nywele, na katika vifaa vidogo ambavyo mafundi wa mitaani huletewa kila siku. Kwa hiyo istilahi tunazozieleza hapa zina kazi hata katika mji ambao hauna treni ya mfano hata moja.

3. Sehemu za mota na majina yake

Katikati ya mota mna shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka. Shafti hushikwa kila mwisho na beringi. Katika mota ndogo beringi hiyo mara nyingi ni bushi, yaani pete isiyo na gololi ndani yake. Bushi nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa unga wa shaba ulioshindiliwa na kuchomwa, na kwa sababu hiyo zina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyohifadhi mafuta na kuyatoa kidogo kidogo shafti inapozunguka.

Juu ya shafti kuna waya uliozungushwa, ambao mafundi huuita koili. Umeme huingia katika koili kwa kupitia komyuteta, ambayo ni duara la vipande vya shaba vilivyotenganishwa. Juu ya vipande hivyo husugua burashi mbili za kaboni. Mafundi wengi huziita kaboni tu, na jina hilo halina kosa, maana kitu chenyewe ni makaa yaliyoshindiliwa. Hata hivyo, katika maandishi ya kufundishia tunapendelea burashi, kwa sababu lataja kazi ya kitu hicho, nayo ni kugusa na kusugua, hata ikitengenezwa kwa kitu kingine.

Mwisho wa shafti kuna gia ya kwanza, ambayo umbo lake ni kama parafujo. Hii huzungusha gia ya meno, na gia ya meno huzungusha ekseli ya magurudumu. Jina la gia ya kwanza laonyesha vizuri hatari ya kufasiri neno kwa neno. Waingereza huiita kwa jina la mnyoo, Wajerumani huiita kwa jina la konokono, na Wafaransa huiita parafujo isiyo na mwisho. Mfasiri aliyeipata katika Kiingereza angeandika gia ya mnyoo, na mwenzake aliyeipata katika Kijerumani angeandika gia ya konokono, na wanafunzi wao wawili wangedhani kwamba kuna gia mbili. Sisi twapendekeza gia ya parafujo. Kila fundi ajuaye kukaza parafujo ataelewa mara moja jinsi gia hiyo inavyosukuma meno ya mwenzake kwa kuzunguka.

4. Majina ya milio

Fundi mzuri husikiliza kwanza kabla ya kufungua. Katika jambo hili Kiswahili hakihitaji kukopa kitu, kwa kuwa kina hazina kubwa ya vitenzi vya sauti. Kosa tunaloliona katika maelekezo mengi ni kuitupa hazina hiyo yote na kuandika kelele tu. Kelele humwambia msomaji kwamba kuna udhia. Haimwambii udhia unatoka wapi.

Mota ikilia kwa sauti nyembamba ya juu, hasa inapoanza kuzunguka, aghalabu beringi imekauka. Ikikwaruza mfululizo, huenda vumbi au mchanga umeingia kati ya meno ya gia. Ikinguruma, huenda gia zimekaribiana mno, zikabanana, au zimeachana mno, meno yakawa yanagongana. Ikigonga kwa mpigo ulio sawa, pigo moja kwa kila mzunguko, yafaa kutazama kama gia imepasuka au jino limevunjika. Ikitatarika na kutoa cheche, komyuteta imechafuka au burashi zimelika. Na ikivuma kwa kishindo kikubwa kuliko umbo lake, sababu yaweza isiwe katika mota yenyewe. Mtetemo wa mota huingia katika bodi tupu la treni, na bodi hilo hufanya kazi ya ngoma.

Kila mlio una dawa yake. Beringi iliyokauka huponywa kwa mafuta. Gia iliyopasuka haiponywi kwa mafuta hata ikichovywa humo usiku kucha. Mfasiri anayeandika kelele mahali pa milio sita humfanya fundi ajaribu dawa moja kwa magonjwa sita.

5. Kuligawa neno mafuta

Sasa tulirudie neno letu la kwanza. Tazama sentensi hii, ambayo mfano wake si mgeni katika maelekezo ya vifaa: Tia mafuta kwenye mota ili kunyamazisha kelele. Kisarufi sentensi hii haina dosari. Lakini kutia mafuta, kwa watu wengi, ni kujaza petroli au dizeli. Mtu asiyefikiria petroli huenda akafikiria mafuta ya kupikia yaliyo karibu naye. Anayefikiria mashine naye hajui kama ayatie mazito au mepesi. Wala hajaambiwa ayatie wapi, maana mota ni kitu kizima chenye sehemu zinazoyahitaji mafuta na sehemu zinazouawa nayo.

Hatari hii haimhusu fundi peke yake. Karani wa bohari akiandikiwa mafuta lita 5 katika hati ya kuagizia vifaa, hana njia ya kujua kama anunue dizeli, oili ya injini au kitu kingine. Fedha ya umma hutumika, kopo huletwa, na mashine hubaki imesimama ikingojea kitu ambacho hakikutajwa.

Twapendekeza mgawanyo ufuatao. Mafuta ya kuendeshea, kama petroli na dizeli, yatajwe kwa majina yake au kwa jina la jumla la fueli. Kitu chochote kinachopunguza msuguano kati ya sehemu mbili zinazosuguana kiitwe kilainishi, wingi vilainishi, na tendo lake liitwe ulainishaji. Chini ya vilainishi kuwe na oili, yaani kilainishi kinachotiririka, na grisi, yaani kilainishi kizito kisichotiririka. Tabia ya kitu kiowevu kuwa kizito au chepesi katika kutiririka iitwe mnato. Kwa hiyo tutasema oili ya mnato mdogo kwa mota, na oili ya mnato mkubwa kwa mashine nzito. Maneno haya yote yamo katika vinywa vya mafundi au katika vitabu vya sayansi vya shule. Kinachokosekana ni kuyatumia kwa nidhamu.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini tusitumie mafuta yetu ya asili, ambayo nchi hii ina mengi. Swali hilo ni zuri, na jibu lake lasaidia kueleza neno mnato. Mafuta ya nazi, yaliyokuja kutoka pwani, huganda joto linapopungua chini ya nyuzi 24 hivi za Sentigredi. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya hapo. Mota iliyotiwa mafuta ya nazi mchana, asubuhi itakuwa imeshikwa. Mawese ya Kigoma nayo huganda kwa urahisi. Mafuta ya karanga na ya alizeti hayagandi upesi, lakini yakikaa hewani siku nyingi hunata na kugeuka kama gundi. Mafuta ya mbarika ni bora kuliko hayo kwa ulainishaji, na yaliwahi kutumika katika injini za ndege za mwanzo, lakini nayo huacha utando. Nta, ambayo pamoja na asali imeipa Tabora sifa kubwa, ni kilainishi kizuri cha mbao: fundi seremala hupaka msumeno au parafujo nta ili ipite kwa urahisi. Lakini nta haifai katika beringi ya mota, kwa sababu haitiririki kuingia mahali palipo na msuguano. Mafuta haya yote ni mafuta, lakini si yote ni oili ya mota. Hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji majina zaidi ya moja.

6. Kulainisha, kutelezesha, kutuliza

Baadhi ya walimu hulalamika kwamba kitenzi kulainisha hakifai, kwa kuwa maana yake ya kwanza ni kukifanya kitu kigumu kiwe laini, na chuma hakilainiki kwa oili. Wao hupendekeza kutelezesha. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini tunaona kulainisha kumekwisha kukubalika. Zaidi ya hayo, kinacholainishwa ni mwendo wa chuma, si chuma chenyewe. Mtu husema barabara ni laini bila kudhani kwamba lami imekuwa uji. Kutelezesha kuna udhaifu wake, maana gurudumu la treni linapoteleza juu ya reli ni ajali au hasara. Reli haitiwi oili mahali gurudumu linaposhikia. Tukitumia kutelezesha kwa beringi na kuteleza kwa gurudumu, tutakuwa tumeliita jambo linalotakiwa na jambo lisilotakiwa kwa jina moja.

Kitenzi kunyamazisha nacho hatukipendi. Kunyamaza ni kuacha kutoa sauti kabisa, na mota iliyonyamaza ni mota iliyosimama. Lengo letu ni mota inayozunguka kwa mvumo mdogo ulio sawa. Kwa hiyo twapendekeza kutuliza mlio, na nomino yake utulizaji wa mlio. Mtoto aliyetulizwa si mtoto aliyenyamazishwa. Bado anapumua na kuzungumza.

7. Mfano wa maelekezo yaliyotengenezwa upya

Kwa kutumia istilahi hizo, sentensi ile moja ya awali hugeuka kuwa maelekezo yafuatayo. Tunayatoa kama mfano kwa wafasiri na walimu, na mambo yaliyomo ni yale yanayokubaliwa na mafundi wa mota ndogo.

Kwanza, tenga mota na umeme. Fungua bodi la treni, kisha unganisha umeme kwa muda mfupi, uizungushe mota nje ya bodi lake, na uitenge tena na umeme. Mlio ukipungua sana, tatizo ni mtetemo unaoingia katika bodi. Weka kipande chembamba cha mpira kati ya mota na mahali inapofungwa, na uhakikishe kwamba parafujo hazikulegea.

Pili, safisha kabla ya kulainisha. Ondoa nywele na nyuzi zilizojizungusha katika ekseli. Futa grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi. Katika nchi ya vumbi kama Unyamwezi wakati wa kiangazi, agizo hili lina uzito wake: oili mpya ikitiwa juu ya vumbi, hutengeneza tope linalosaga chuma.

Tatu, tia tone moja dogo la oili ya mnato mdogo katika kila beringi, mahali shafti inapoingia. Tumia ncha ya sindano. Futa oili iliyozidi.

Nne, usitie oili wala grisi katika komyuteta na burashi. Oili ikifika hapo huchanganyika na unga wa kaboni na kuwa uji mweusi unaopitisha umeme mahali usipotakiwa, na mota huweza kuungua. Ikiwa komyuteta ni chafu, isafishe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti, na uiache ikauke.

Tano, paka grisi nyepesi katika meno ya gia, kiasi cha kuyafunika tu. Ikiwa gia ni za plastiki, tumia grisi ambayo mtengenezaji wake ameeleza kuwa haidhuru plastiki, kwa maana baadhi ya vilainishi vya petroli hupasua plastiki za aina fulani.

Sita, shika shafti na uisukume mbele na nyuma. Ikicheza sana, ongeza washa nyembamba ili kupunguza mchezo huo, lakini uache nafasi ndogo ya shafti kuzunguka bila kubanwa. Kisha unganisha umeme, endesha mota polepole kwa dakika chache kila upande, na usikilize tena.

Maelekezo haya ni marefu kuliko sentensi ile ya awali. Hilo si kosa la Kiswahili, bali ni kipimo cha mambo yaliyokuwa yamefichwa ndani ya neno moja. Msomaji atatambua pia kwamba agizo la nne ni la kukataza, na katika sentensi ya awali halikuwako kabisa. Katika ufundi, mara nyingi istilahi iliyo wazi huokoa mashine kwa kuonyesha mahali pa kutokugusa.

8. Kutoka mota ndogo hadi treni kubwa

Yaliyosemwa hapa hayaishii mezani. Mabehewa ya zamani yalizungukia ndani ya beringi zilizolainishwa kwa oili iliyonyonywa na pamba au sufi iliyowekwa katika sanduku la ekseli. Oili ikikauka, ekseli ilipata joto, ikatoa moshi, na ingeweza kukatika njiani. Dereva wa injini ya mvuke na msaidizi wake walitembea kuizunguka injini na kopo lenye mdomo mrefu, wakitia oili kiungo kimoja baada ya kingine. Baadaye zilikuja beringi za rola, zinazofungwa na grisi yake ndani, na vichwa vya dizeli-umeme, ambavyo injini yake huzalisha umeme na umeme huo huzungusha mota zilizo karibu na ekseli. Treni za umeme za sasa nazo huendeshwa kwa mota, ingawa mota kubwa za kisasa aghalabu hazina burashi.

Reli mpya imepangwa kupita Tabora na kuendelea hadi Mwanza na Kigoma. Tabora kuna chuo kinachofundisha kazi za reli, na vijana wanaojifunza kazi hizo watahitaji maelekezo wanayoweza kuyasoma bila kukisia. Neno beringi, grisi au burashi likieleweka katika mota ya volti 12, litaeleweka pia katika mota inayovuta mabehewa, kwa sababu kazi ni ile ile na tofauti ni ukubwa na volti. Likivurugwa katika ile ndogo, hasara ni mota moja. Likivurugwa katika ile kubwa, wako abiria nyuma yake.

9. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Beringi: sehemu inayoshika shafti au ekseli na kuiwezesha kuzunguka.
Burashi: kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye komyuteta kwa kusugua.
Bushi: beringi ya pete isiyo na gololi wala rola.
Fueli: kitu kinachochomwa ili kuendesha injini.
Gia ya parafujo: gia yenye umbo la parafujo inayozungusha gia ya meno.
Grisi: kilainishi kizito kisichotiririka.
Kilainishi: kitu chochote kinachopunguza msuguano kati ya sehemu zinazosuguana.
Komyuteta: duara la vipande vya shaba linalopokea umeme kutoka kwenye burashi.
Mnato: kiasi cha uzito wa kiowevu katika kutiririka.
Msuguano: ukinzani unaotokea vitu viwili vinaposuguana.
Mtetemo: mwendo wa haraka wa kwenda na kurudi.
Oili: kilainishi kinachotiririka.
Shafti: fimbo inayozunguka na kupeleka mwendo wa mota.
Skeli: uwiano wa vipimo vya mfano na vya kitu halisi.
Utulizaji wa mlio: kupunguza sauti ya mashine bila kuisimamisha.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa ufundi na wale wanaotumikia katika karakana na bohari, waijaribu orodha hii katika kazi zao na kutuletea maneno ambayo mafundi wa mahali pao wanayatumia. Huenda jina bora kuliko letu liko tayari katika karakana fulani na halijapata kuandikwa. Wapagazi wa njia ya Unyanyembe hawakuchanganya posho na hongo, kwa kuwa walijua kosa hilo lingewafikisha wapi. Mwandishi wa maelekezo ya mashine naye anatakiwa kujua hivyo hivyo kabla ya kuandika neno mafuta na kuendelea na sentensi inayofuata.